Zabuni ya Wembe

Uhusiano wangu na kinyozi wa mtaani kwetu Magomeni ulivunjika kwa sababu ya hesabu. Mimi ni karani wa malipo kwa kazi na kwa tabia, na jioni moja, nikiwa ninajipaka dawa kwenye vipele ambavyo mashine yake ilikuwa imeniachia shingoni, nilichukua daftari nikazidisha shilingi 3,000 za kila Jumamosi kwa wiki 52, nikapata shilingi 156,000 kwa mwaka. Nilimwonyesha mke wangu. Aliitazama ile namba, akavitazama vipele, kisha akasema kwamba kwa fedha hizo tungepata mbuzi, naye angalau angekuja na ndevu zake.

Ndipo nilipoukumbuka wembe wa babu. Siuzungumzii huu wembe mwembamba unaouzwa ukiwa umefungwa kwenye karatasi, ambao watoto huchongea penseli. Nauzungumzia wembe wa kukunja, wenye bapa refu na mpini wa pembe unaolipokea bapa hilo kama ala. Babu, aliyekuwa mpishi wa meneja mmoja wa Kigiriki katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alikuwa na wembe wa namna hiyo uliotengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe, na aliutumia mpaka alipofariki bila kuhitaji mwingine. Urithi ulipogawanywa, wembe ulimwangukia baba mdogo, ambaye aliona unafaa kufungulia magunia ya mahindi. Sijamsamehe hadi leo.

Nilitenga shilingi 50,000, nikaugeuza ununuzi huo kuwa zabuni. Kwa muda wa wiki mbili nilisoma kila nilichokipata, nikaandika sifa za mzabuni anayefaa: upana wa bapa uwe sehemu tano kati ya nane za inchi, yaani karibu milimita 16, ambao ndio hupendekezwa kwa anayeanza, chuma kiwe cha kaboni, kwa kuwa hushika makali vizuri ingawa hupata kutu kisipokaushwa, bapa likilazwa juu ya kioo lisiyumbe, na wembe ukikunjwa, bapa liingie katikati ya mpini bila kugusa upande wowote. Wembe mpya kutoka Solingen uliizidi bajeti yangu mara kadhaa, hivyo niliuondoa katika kinyang'anyiro bila kinyongo. Kurasa zote zilikuwa tatu, zimepigwa mistari kwa rula. Jambo ambalo sikuliandika katika ukurasa wowote ni nani angeunoa.

Kariakoo nilimkuta kijana aliyetandaza turubai lenye mikasi, vikata kucha na betri za saa, na katikati yake ulilala wembe wa kukunja.

"Kaka, huyo ni Mjerumani halisi," alisema kabla sijauliza.

Nilivaa miwani. Kwenye chuma palichongwa neno SOLIGEN. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba tangu mwaka 1938 sheria ya Ujerumani inaruhusu visu na nyembe za eneo la mji huo peke yake kubeba jina la Solingen, nilimweleza kwa upole kwamba kuna herufi imekosekana.

"Wembe wenyewe mdogo, mzee," alijibu. "Ingeenea wapi?"

(Nilikuwa kaka mpaka nilipovaa miwani.) Nilimuuliza kama wembe ule una sehemu tano kati ya nane. Aliniapia kwamba una sehemu zote nane, kwa kuwa yeye hapunji wateja. Niliomba kioo ili nilipime bapa. Alinipa simu yake. Niliulaza wembe juu ya kioo cha simu, ukayumba kama ngalawa. Kijana akafafanua kwamba iliyopinda ni simu, kwa sababu huwa anaikalia.

Msomaji atauliza kwa nini sikuondoka. Ukweli ni kwamba bei ilikuwa imeshuka kutoka shilingi 70,000 hadi 35,000, na bakaa ya 15,000 ilitosha sabuni, burashi na dharura, na karani akiona safu mbili zimelingana hupatwa na furaha inayofunika kasoro nyingi. Nililipa. Nilidai hata risiti, nikaandikiwa kwenye kipande cha boksi la betri.

Kesho yake asubuhi nilifanya kama babu alivyokuwa akifanya: kabla ya kunyoa aliuparaza wembe kwenye ukanda wa ngozi. Niliufunga mkanda wangu wa suruali kwenye komeo la mlango wa bafu, nikauvuta hadi ukakaza, nikaanza kuupitisha wembe makali yakiwa mbele, kama mtu anayenoa panga. Mara ya tatu mkanda ulikatika vipande viwili, nami niliyekuwa nimeegemea nyuma kwa uzito wangu wote nikaketi ndani ya ndoo ya maji ya kuoga. Kutoka humo nilipata nafasi nzuri ya kuuchunguza mkanda ule wa shilingi 12,000 niliouziwa kama ngozi halisi. Ndani ulikuwa karatasi ngumu.

Mke wangu alifika, akaniona, akauona mkanda, akauliza kama nimeshanyoa.

Nilijifariji kwamba angalau wembe unakata. Haikuwa hivyo. Kinachokata karatasi ngumu si lazima kikate ndevu zilizolowa, na wembe ule ulipogusa shavu haukunyoa hata unywele mmoja, ulikuwa unang'oa. Machozi yalinitoka upande mmoja tu, upande wa shavu lililokuwa likifanyiwa kazi.

Siku mbili baadaye nilimsikia mnoa visu akipita na baiskeli yake, ile ambayo akiisimamisha na kupiga pedali huzungusha jiwe badala ya gurudumu. Nilimpa wembe. Aliugeuza mara mbili, akasema kazi ndogo, akalibana bapa juu ya jiwe. Cheche ziliruka hadi watoto wa jirani wakapiga makofi. Aliponirudishia, makali yalikuwa na utepe wa bluu unaong'aa kutoka mwanzo hadi mwisho, nami kwa ujinga wangu nikaupenda, nikadhani ni rangi ya ubora iliyokuwa imejificha chini ya uchafu. Alinitoza shilingi 1,000.

Jumapili iliyofuata nilikuwa mshenga. Mpwa wangu alikuwa anapeleka posa Temeke, na familia ilikuwa imenichagua mimi kwa sababu ninajua kusema kwa mafumbo na sichoki upesi. Niliamka alfajiri, nikapiga povu, nikaanza na shavu la kulia. Lilitoka salama, kwa maumivu ya kustahimilika, na nikaanza hata kupiga mluzi. Nilipofika kidevuni, chini kidogo ya mdomo, wembe ulinasa, nami nikafanya lile ambalo mtu hapaswi kufanya: niliusukuma.

Shabu ya kukaushia jeraha iliyeyuka nusu nzima bila damu kukoma. Shavu la kushoto lilibaki na ndevu zake zote. Ikiwa imesalia saa moja na nusu, niliingia kwa kinyozi wangu wa zamani nikiwa nimejifunga taulo usoni kama mtu mwenye jino bovu.

Alinifunua bila kusema neno, akaomba auone wembe. Baba yake alikuwa kinyozi wa nyembe za kukunja, kumbe, na mtu huyu niliyemkata kwenye bajeti yangu alijua kila kitu ambacho kurasa zangu tatu hazikukijua. Wembe wa namna hii, alinieleza huku akinikandika plasta, hunolewa kwa mkono ukiwa umelala juu ya jiwe tambarare, mgongo na makali vyote vikigusa, kwa kuanza na jiwe la namba 1,000 na kuendelea hadi la 8,000 au laini zaidi. Na kwenye ukanda wa ngozi mgongo ndio hutangulia, makali yakifuata nyuma. Jiwe la baiskeli hulichemsha bapa. Ile bluu niliyoipenda ilikuwa ishara kwamba chuma kimefikia kama nyuzi joto 300, na chuma cha wembe kikifika huko hulainika, hakishiki tena makali.

"Karani," alimalizia, "aliyekunolea alidhani ni jembe."

Alinyoa upande uliobaki kwa shilingi 3,000. Niliandika: wembe 35,000, sabuni na burashi 8,000, mkanda 12,000, kunoa 1,000, shabu na plasta 1,500, kinyozi 3,000. Jumla 60,500, yaani nilikuwa nimevuka bajeti kwa 10,500 na bado sijanyolewa na wembe wangu.

Temeke tulikaribishwa vizuri. Wazee wa upande wa binti walitaja mahari ya shilingi 2,000,000, wakaningoja. Nilikuwa na mafumbo sita tayari, lakini kila nilipofungua mdomo jeraha lilifunguka nalo, kwa hiyo nilinyamaza, nikawatazama kwa macho ya mtu anayevumilia maumivu. Walinong'onezana. Wakasema 1,700,000. Niliguna, kwa kuwa plasta ilikuwa inabanduka. Wakatoka nje, wakarudi na 1,200,000, na mzee mmoja akasikika akimwambia mwenzake kwamba safari hii wameletewa mtu mgumu. Sisi tulikuwa tumejiandaa kufika hata 1,500,000.

Wembe uko jikoni, mke wangu anafungulia mifuko ya mchele. Nilikuwa nimeazimia kuufuta kwenye daftari, lakini mdogo wake yule mpwa anataka kuoa mwezi wa nane, na ameshakuja mara mbili kuniuliza kama ninao bado.