Tufunge belo kwanza, au tufungue kiwanda?

Belo la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa. Mama anayeuza majaketi na sweta pale soko la Memorial, Moshi, hulipia mzigo ambao hajauona, hukata kamba wateja wakiwa wamekwisha kumzunguka, na katika dakika chache hizo anajua kama ada ya mtoto imepatikana au jioni ataenda kwenye kikoba kukopa. Za gredi ya kwanza hugombewa kabla hazijagusa turubai. Za chini huishia kwenye lundo la jero jero, na zile zisizofaa hata kupigia deki huenda jalalani.

Biashara hiyo ndiyo wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuimaliza. Machi 2016, wakiwa Ngurdoto nje kidogo ya mji wa Arusha, waliazimia kwamba nguo na viatu vya mitumba viondolewe sokoni taratibu kwa miaka mitatu, ili viwanda vya ndani vipate pumzi. Mwaka mmoja baadaye chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, SMART, kilipeleka malalamiko kwa serikali yao. AGOA, sheria ya mwaka 2000 inayoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ikageuka fimbo. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilibaki peke yake. Ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, ikakataa kuushusha, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikatolewa kwenye msamaha huo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mkubwa kumwonea mdogo, na kweli ndivyo kilivyokuwa. Lakini kwa kuwa tulitishwa tukaacha, hatukupata kujiuliza kama marufuku yenyewe ingefanya kazi.

Wanaoitaka wana hoja nzito, nzito kuliko wanavyokubali wauzaji wa Memorial. Mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha utafiti mwaka 2008 akikadiria kwamba mitumba inaeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya 1981 na 2000. Sisi tuliokulia huku hatuhitaji sana hesabu hizo. Tulikuwa na viwanda vya nguo: Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Urafiki Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na Kiltex Arusha. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga na Simiyu hutolewa mbegu tu, ikasafirishwa ikiwa robota, ikarudi ikiwa fulana. Na cherehani ndiyo ngazi ya chini ambayo nchi nyingi zilianzia kupanda. Manchester ilipanda kwa pamba, Osaka ikafuata, na leo Bangladesh hupata zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya mauzo yake ya nje kwenye nguo. Anayesema tuiruke ngazi hiyo atuonyeshe vijana wetu waliomaliza kidato cha nne watakanyaga wapi.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Kilichomo ndani ya belo kinaamuliwa na kabati la mtu wa Hamburg au Texas. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kando na taka nyingine, maana yake zitakazotafutiwa pa kwenda zitaongezeka. Nazo ni nguo za mitindo ya haraka, polista nyepesi iliyovaliwa mara tatu ikatupwa. Wauzaji wenyewe wanalalamika kwamba gredi ya kwanza inapungua kila mwaka huku bei ya belo ikipanda na dola. Uchumi unaotegemea mwenzako achoke na shati lake si wa kujivunia.

Hata hivyo, Moshi si mahali pazuri pa kuhubiria marufuku. Wazee wetu waliiishi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya Nyerere, Moi na Obote kupatana Arusha. Katika miaka hiyo, na hasa baada ya vita vya Kagera, viwanda vilikuwapo na ulinzi ulikuwapo, kilichokosekana ni nguo. Watu walipanga foleni kwa doti moja ya khanga, na aliyekuwa na jamaa upande wa Taveta alionekana tajiri. Nguo kuukuu ziliitwa "kafa Ulaya", jina la dharau, lakini zilipoanza kuingia kwa wingi biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, dharau hiyo haikudumu hata msimu mmoja wa baridi. Holili, mpakani na Kenya, haiko mbali, na njia za panya wanazijua hata watoto. Marufuku yoyote itakayowekwa Dodoma itapimwa hapo usiku wa kwanza. Rwanda nayo, pamoja na ukali wake wote, iliwakamata watu wakivuka kutoka Kongo wamevaa nguo juu ya nguo. Tena mbona tunayo marufuku tayari? Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba miaka mingi. Nenda soko lolote la Arusha au Moshi uangalie.

Lakini hoja inayonitoa kabisa upande wa marufuku ni khanga. Hakuna mtumba wa khanga. Hakuna mwanamke wa Ulaya anayechoka na doti yake ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" akaiweka kwenye sanduku la msaada. Khanga na kitenge ni soko letu peke yetu, halikuguswa na belo hata moja, na bado viwanda vya khanga viliyumba pamoja na vile vya mashati. Khanga nyingi zinazofunika mabega msibani leo zimechapwa India. Kama mitumba ndiyo iliyoviua viwanda, hivi vya khanga viliuawa na nini? Vilikufa kwa umeme wa kukatika, mashine zilizozeeka bila vipuri, mikopo ya riba kubwa, uongozi wa kuteuliwa badala ya kupimwa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Ukiziba belo leo, nafasi yake haitachukuliwa na kiwanda cha Themi, Arusha. Itachukuliwa na kontena la Guangzhou linaloshushwa Kariakoo. China, kwa kejeli ya mambo, yenyewe imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mitumba duniani, kwa hiyo itatuuzia kwa mlango huu au ule.

Takwimu ya Frazer siipuuzi. Nasema tu kwamba asilimia 40 inaacha 60, na hizo ndizo zilizo mikononi mwetu wenyewe.

Halafu kuna watu ambao mjadala huu huwasahau. Mpagazi anayelala kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi amevaa jaketi la mtumba na buti za mtumba. Fundi anayebana suruali na kubadilisha zipu pembeni ya Memorial anaishi kwa belo. Wakiambiwa wavumilie miaka mitatu hadi kiwanda kisimame, wana haki ya kuuliza kitasimama wapi.

Jibu la swali hilo, nadhani, liko Arusha, na halihusiani na mashati. Kiwanda cha A to Z kimekuwa kikitengeneza vyandarua vyenye dawa vya Olyset tangu 2003, baada ya Sumitomo ya Japani kuwapa teknolojia bila kuwatoza mrabaha, na kimeajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Hakuna aliyekipigia marufuku ya kitu chochote. Kilikuwa na mteja wa uhakika: mifuko ya kimataifa ya kupambana na malaria ilihitaji mamilioni ya vyandarua, tena kwa miaka mfululizo. Mwenye oda ya miaka mitano mkononi anapata ujasiri wa kununua mashine, na benki inamsikiliza.

Najua kasoro ya mfano huo. Mteja huyo ni mfadhili, na wafadhili tumewaona. Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025. Mwaka huohuo bidhaa zetu ziliwekewa ushuru wa asilimia 10, na muda wa AGOA, ile fimbo tuliyoiogopa 2018, ukaisha mwezi Septemba. Ethiopia ilijenga eneo zima la viwanda vya nguo Hawassa kwa kutegemea msamaha huohuo, vita vya Tigray vikaja, na Januari 2022 ikaondolewa. Tuliacha kulinda soko letu ili tusipoteze la mwenzetu, na la mwenzetu halikuwa letu kamwe.

Mteja wa uhakika aliye ndani ya nchi yupo: ni serikali. Anavalisha askari, manesi na mgambo, ananunua mashuka ya hospitali, na anawaamuru mamilioni ya watoto wavae sare. Hakuna mtumba wa sare ya shule ya msingi ya Tanzania, kama vile hakuna wa khanga. Sheria iseme tu kwamba nguo hizo zifumwe na kushonwa nchini kwa pamba ya nchini, oda itolewe ya miaka mitano, na, hapa ndipo ninapopata wasiwasi, zilipwe kwa wakati. Yeyote aliyewahi kuidai halmashauri anajua kwa nini nimesita.

Mtaani kwetu yuko fundi wa sweta za shule, ana mashine mbili za kufumia. Novemba hadi Januari hapokei hata simu. Ikifika Machi kazi imekwisha, na uzi mpya unamshinda bei. Basi huenda Memorial, huchagua sweta kubwa za sufu kwenye lundo la jero jero, huzifumua moja moja jioni barazani, huuviringa uzi kwenye chupa, na kuungoja Novemba.