Siku wino ulipopanda darini

Maji ya bomba yalikatika saa mbili asubuhi, mkaguzi akafika saa mbili na nusu. Katikati hapo nilikuwa na nusu saa ya kufunga mtambo wa kukeneka (kuchemsha mchanganyiko, kupoza mvuke na kukusanya kinachodondoka) mbele ya wanafunzi 42, katika baridi ya Mbeya, na nusu saa hiyo niliitumia vibaya.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Etanoli, yaani pombe yenyewe, mililita 60, maji mililita 140, matone matatu ya wino wa buluu. Wino ni ujanja wa kufundishia: wenyewe haupandi na mvuke, kwa hiyo kinachodondoka upande wa pili hakina rangi, na aliyekaa benchi la nyuma anaona kwamba kweli kuna kitu kimetengana na kitu. Flaski ilikuwa ya mililita 500, kwa sababu ukivuka theluthi mbili kimiminika kikichemka kinaingia hadi kwenye kondensa, bomba la kupozea mvuke. Hapo nilipatia. Chini niliweka sinia la mchanga juu ya jiko la umeme, si moto wa wazi, maana mvuke wa etanoli ukikutana na mwali shule inapata likizo isiyopangwa. Hapo pia nilipatia. Basi, nimemaliza kujisifu.

Nilichosahau ni vigae. Unavunja chungu au kikombe cha kauri kisichong'arishwa, unachukua vipande vitano vya ukubwa wa choroko, unavitia kabla hujawasha jiko. Vitundu vyake vina hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoanzisha mapovu. Flaski mpya ya kioo laini haina pa kuanzishia povu, hivyo kimiminika kinaweza kupita joto lake la kuchemka na kisichemke. Kinatulia tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi msemo huo nilikuwa naufundisha kama vile unahusu watu.

Mkaguzi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, akainama juu ya meza. "Mwalimu, mbona haichemki?"

Ndipo nikakumbuka vigae. Nikainua kizibo pamoja na kipimajoto chake, nikavidumbukiza vyote vitano kwa mkupuo.

Kinachotakiwa ukisahau ni kuzima jiko, kusubiri flaski ipoe kabisa, kisha kutia vigae na kuanza upya. Ukivitia kwenye kimiminika cha moto umefungua milango elfu kwa wakati mmoja, na joto lote lililokuwa limejibana linatoka pamoja. Nguzo ya buluu ilipanda kutoka shingo ya flaski hadi darini. Sehemu nyingine ikakimbilia bomba la pembeni, ikapita kondensa bila hata kusalimia, ikatua kwenye bika, chombo cha kupokelea. Ile ya darini ikaanza kurudi kidogo kidogo, kama manyunyu, na manyunyu yalichagua shati.

Hakuna aliyeungua, yalikuwa yameshapoa yakirudi, na mimi nilikuwa na miwani. Mkaguzi akatazama dari, akatazama shati, akafungua daftari akaandika. Aliandika kwa muda mrefu.

Mwanafunzi mmoja akainua bika. "Mwalimu, mbona hii imetoka buluu kama ilivyoingia?"

Tukaanza upya. Mchanganyiko mpya, vigae vipya (vilivyokwisha kuchemshwa vikapoa havifai tena, vitundu vyake vimejaa maji), na safari hii juu ya flaski nikasimamisha mnara wa kioo uliojaa shanga. Shanga za sokoni zinafaa, ila ziwe za kioo. Za plastiki zitalegea. Mvuke ukipanda unagusa shanga, unageuka kimiminika, unavukizwa tena, na kila mzunguko maji yanazidi kubaki chini. Tungi la kipimajoto nikalipanga usawa wa tundu la bomba la pembeni, kwa sababu likiwa juu zaidi mvuke unageukia kando bila kulifikia, na unabaki unasoma joto la hewa.

Kipimajoto kikapanda, kikasimama kwenye nyuzi 74.

"Kitabu kinasema 78," mkaguzi akasema, kalamu tayari.

Hili nililijua. Kitabu kinapima kwenye usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu yake, hewa inakandamiza kwa nguvu pungufu, hata maji ya chai huku yanachemka kwenye 94. Akaitikia kwa kichwa. Nikavimba kichwa, na ilikuwa mapema mno, kwani bika lilikuwa na matone manne tu na chumba kizima kilinuka kilabu.

"Hodi humu!" Mama mpishi alikuwa dirishani, mwiko mkononi. "Jamani, nani anapika?"

"Shikamoo mama. Ni somo."

"Marahaba. Mwanangu, mbona maji umeyaingizia juu?"

Kwa kuwa bomba lilikuwa kavu, nilikuwa nimepandisha ndoo ya lita 20 juu ya kabati nikavuta mpira. Maji yanashuka, basi nikaona yaingie tundu la juu la kondensa yatokee la chini. Yakawa yanateremka upande mmoja tu kama kijito, koti la maji linalozunguka bomba la ndani halijai, na nusu ya bomba hilo imezungukwa na hewa. Mvuke ukapita ukiwa mvuke.

"Yaingie chini, yapande, yatokee juu," alisema. "Yaliyopata moto ndiyo yatoke kwanza. La sivyo mali yote inaondoka na harufu."

Nikabadilisha mipira. Koti likajaa, na haikuchukua dakika matone yakawa yanafuatana kama ya mvua kwenye bati, meupe pe.

Mkaguzi aligeuka dirishani polepole. "Mama, elimu hii umeipata wapi?"

"Kwa jirani, baba. Alishahama."

Kipimajoto kilipoanza kuondoka kwenye 74 na kupanda nikazima. Zilikuwa zimepatikana mililita 50. Wanafunzi wakataka ushahidi. Nikahamisha jiko na bika mbali, nikamimina mililita mbili kwenye kibakuli cha kauri, nikawasha kiberiti. Ikawaka mwali mwembamba wa buluu.

Mkaguzi akarudi nyuma hatua mbili, akashika shati lake. "Na hiyo buluu, ni wino tena?"

"Hapana, baba," sauti ikatoka dirishani kabla sijafungua mdomo. "Hiyo ndiyo yenyewe. Ikiwaka hivyo, jirani alikuwa anapandisha bei."