Volti 12.6, na bado imekufa

Nina ugomvi na mafundi wanaopima betri ya UPS (kile kisanduku kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) kwa mita ya volti peke yake. Wanagusisha nyaya mbili, wanasoma 12.6, basi hukumu imetoka: "Betri nzima hii, iliyokufa ni bodi ya saketi humo ndani. Nunua UPS nyingine." Na mimi niliambiwa hivyo hivyo hapa steshenari kwangu, Tabata, mteja kakaa kwenye benchi anasubiri barua iliyopotea umeme ulipokatika. UPS yenyewe ililia pii mara moja tu, kompyuta ikazima.

Kabla sijatoa hela nikamwomba dereva wa bajaji anayeegesha nje aniazime taa ya mbele, ya volti 12. Nikachomoa UPS ukutani, nikatoa betri, nikaiunga taa huku mita ikiwa palepale. Ikawaka vizuri. Mita ikaanza kushuka: 11.8, 11, 10.2. Dakika haijaisha inasoma 9, na waya wa ndani ya taa umebaki mwekundu kama kaa linalozimika. Betri nzima ya 7Ah kama ile (Ah ni kipimo cha chaji inayobeba) ingeiwasha taa ile zaidi ya saa nzima. Nilipoitoa taa, namba zikapanda tena polepole hadi 12 na pointi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana fundi alidanganyika.

Bodi haikuwa na neno.

Kosa la kuiua betri mapema, hata miaka miwili haikufika, lilikuwa langu. UPS niliisukuma nyuma ya mashine ya fotokopi, inapopuliziwa joto siku nzima. Hizi betri za madini ya risasi hukadiriwa kudumu miaka 3 hadi 5 kwenye nyuzi 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 hivi, umri unakatika karibu nusu. Sasa Dar yetu hii unaijua. (Na printa ya leza msiichomeke kwenye UPS, tafadhali. Inavuta umeme mwingi mno.)

Kariakoo nilikwenda na mita mfukoni. Betri ya kwanza ilisoma 12.1. "Kaka, mpya kabisa hiyo," muuzaji akasema. Mpya ndiyo, ila imelala rafuni bila chaji mpaka imeanza kuharibika. Ya tatu ikasoma 12.8, nikalipa.

Taa ya bajaji nimemlipa mwenyewe. Imetundikwa msumarini nyuma ya kaunta, na fundi yule ameshakuja kuiazima mara mbili.