Hakuna Aliyemwambia Aimbe

Mpwa wangu aliitwa na lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, wiki iliyopita. Siku tatu kabla alikuwa hanywi kitu cha baridi, akanunua nyuzi mpya za gitaa, akaandaa nyimbo tatu: mbili za kuimba, ya tatu ya akiba endapo wangesema ongeza. Akarudi jioni na gitaa mgongoni, zipu ya begi haijaguswa.

"Umewaimbia ipi?"

"Hawajaniambia niimbe, mjomba. Waliomba simu."

Simu! Watu wazima wanne wakapokezana simu ya mtoto wa watu, wanahesabu wafuasi. Kuna kipande cha video cha sekunde 15 alichojirekodi ndani kwake, nywele hazijachanwa, ndicho wakakirudia mara tatu. Wakamwambia atengeneze vingine kama hicho, na arudi akifikisha wafuasi laki moja. Sasa nieleweshwe jamani: akishaupanda mlima huo peke yake, lebo atakuwa anaitafutia nini?

Walimpa na rasimu ya mkataba "aizoee". Nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza unatamba na albamu 5. Ukisonga mbele unakuta albamu ya uhakika ni moja tu, nne zilizobaki ni za hiari. Hiari ya lebo, bila shaka, maana ya msanii haijatajwa popote. Kazi ikibuma, wanamtema kesho. Ikivuma, ni wao watakaoamua ataondoka lini. Na rekodi zote mali yao, avume asivume.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Kumnyang'anya msanii rekodi zake si jambo jipya, lebo zimefanya hivyo tangu enzi za santuri. Lakini zamani angalau kulikuwa na kitu upande wa pili wa mizani: muda. Mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1962, iliuza kama nakala 5,000 tu, na ndani ya lebo yake, Columbia, watu wakawa wanamwita "upuuzi wa Hammond", kwa jina la John Hammond aliyemsaini. Hammond hakumtupa. Miaka kumi baadaye mzee huyohuyo akamleta mwimbaji mwingine, Bruce Springsteen, ambaye albamu zake mbili za mwaka 1973 hazikuuza cha maana. Ya tatu, mwaka 1975, ndiyo iliyomtoa. Hebu mpeleke Springsteen wa 1973 mbele ya wale wanne wenye kupokezana simu. Asingefika hata kwenye albamu ya pili.

(Najua utaniambia habari za mwimbaji Aretha Franklin. Ndiyo, Hammond alimsaini naye, akakaa Columbia miaka kadhaa bila wao kujua wamfanyie nini, hadi alipohamia lebo ya Atlantic ndipo dunia ikamsikia. Sawa. Kusubiri peke yake si kulea.)

Leo lebo inachukua rekodi vilevile, ila muda haitoi. Mwimbaji wa Uingereza RAYE alijitokeza hadharani mwaka 2021 akisema yumo kwenye mkataba wa albamu nne tangu 2014, na hajaruhusiwa kutoa hata moja. Miaka saba! Akatoka, akaitoa albamu yake mwaka 2023 akiwa msanii huru, na mwaka uliofuata akabeba tuzo sita za BRIT, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, usiku mmoja. Sauti ilikuwa ileile.

Hesabu zao nazo ni kichekesho. Tuseme lebo imetoa 100 kama advansi, yaani pesa ya kutanguliza, na fungu la msanii ni asilimia 15. Kazi ikaingiza 400. Fungu lake ni 60, nayo inakatwa kulipa ile 100. Kwa hiyo lebo imekusanya 400 kwa 100 iliyotoa, na msanii bado anadaiwa 40. Anadaiwa! Ndiyo maana TLC, kundi la wasichana watatu wa Marekani, waliomba kutangazwa mufilisi mwaka 1995, huku albamu yao ikiuza kwa mamilioni. Watu wakasema wasichana wanapenda anasa.

Haya, haki itendeke: wasanii wengi wanaosainiwa hawarudishi gharama, na wachache wanaovuma ndio wanaowabeba wengine. Nakubali, kwa shingo upande. Wapo pia wasanii wanaochukua advansi na kupotea studio mwaka mzima. Lakini wakulima nao hupanda mbegu nyingi zisizoota, na sijamwona anayeidai mbegu nauli ya kwenda shambani. Video, promosheni, hata gari lililompeleka kwenye mahojiano, yote yanaandikwa kwenye deni la msanii, halafu wanajiita wawekezaji.

Na zile soga za "sisi ni familia" wanapopiga picha ya kusaini, tuziache.

Jana usiku nilimwomba anipigie zile nyimbo tatu. Akafungua begi, akakaza nyuzi, akaimba. Ya kwanza nzuri. Ya tatu nzuri zaidi. Ya pili ina ubeti wa mwisho ambao haujakaa sawa, unakimbia kuliko wimbo wenyewe, nami nikamwambia.

"Najua, mjomba," akasema, bado anazigusagusa nyuzi kwa kidole kimoja. "Huo sijaupata bado."