Wizara ya Katiba na Sheria siyo mahakama jamani

Nimesoma comment za humu naona karibu kila mtu anamuuliza Waziri wa Katiba na Sheria wa Tanzania kwanini hawatoi mahabusu wenye kesi za miaka na miaka. Wandugu, waziri hana huo ufunguo. Anayeweza kufuta kesi ya jinai ni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), na Katiba ibara ya 59B inasema asiingiliwe na mtu, polisi na magereza wako Mambo ya Ndani, hukumu ni ya hakimu. Sasa yeye kazi yake nini? Sera, miswada, katiba yenyewe, na taasisi kama Tume ya Kurekebisha Sheria na RITA wa vyeti vya kuzaliwa na mirathi.

Mimi ningembana kwenye lugha. 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na mahakama, vizuri sana, lakini mjomba wangu alishindwa kesi ya shamba akapewa karatasi kurasa 11 kimombo kitupu, akaikunja akaweka mfuko wa shati akaenda nayo mpaka dukani kwa dogo mmoja wa form four amsomee, dogo mwenyewe kila akifika kwenye kilatini anakohoa 😂 Siku za kukata rufaa zinahesabika huku mzee hajui hata kashindwa kwa sababu gani. Msaada wa kisheria una sheria yake tangu 2017, haya, huko kijijini kwetu paralegal, yaani msaidizi wa kisheria, yuko wapi? Hapo ndo mumuulize waziri.