Long John Silver: muvi zimempenda kuliko kitabu

Wengi wanaoijua Treasure Island, hadithi ya safari ya kusaka hazina ya maharamia, wameiona, hawajaisoma, na ukiwauliza Long John Silver ni nani watakwambia yule mzee wa mguu mmoja mwenye kasuku begani, haramia ndio lakini ana roho nzuri. Hapo ndo ugomvi wangu na hizi muvi unapoanzia.

Kitabu chenyewe Robert Louis Stevenson alikianza 1881 huko Scotland, kwa ramani ya kisiwa waliyochora wakicheza na mtoto wa mkewe, kikatoka vipande vipande kwenye gazeti la vijana na 1883 kikawa kitabu kamili. (Kiswahili nacho tulikipata enzi za mkoloni, Kisiwa chenye Hazina, labda hata babu yako alikisoma.) Silver wa humo anatisha kwa sababu anapendeza. Ni mpishi wa meli, jiko lake linang'aa, anamsifia Jim, yule mtoto anayetusimulia hadithi, kwamba ni kijana mwenye akili, na Jim anavimba kichwa, halafu usiku mmoja Jim kajificha ndani ya pipa la matufaha anamsikia Silver anampaka mafuta baharia mwingine kijana kwa maneno yale yale, neno kwa neno. Mimi sehemu hiyo inaniuma kuliko mapanga yote. Na wakifika kisiwani, baharia mmoja anaitwa Tom akikataa kujiunga na uasi anaoupanga Silver, Silver anamrushia mkongojo mgongoni, akianguka anammalizia kwa kisu, Jim anaona kila kitu toka kichakani.

Sasa muvi. Ile ya 1934 Silver ni Wallace Beery na Jim ni Jackie Cooper, na watu walishawaona hao wawili 1931 kwenye The Champ wakiigiza baba na mwana, kwa hiyo unadhani studio ingewaachanisha hivi hivi tu? Mwishoni Jim ndo anamfungulia Silver atoroke, na machozi juu. Ya Disney ya 1950, mtoto anamsaidia kusukuma boti iliyokwama. 2002 Disney wakaipeleka hadithi angani, Treasure Planet, humo hata hawafichi, Jim katelekezwa na baba yake na Silver anaziba pengo, na mwisho ni ule ule, mtoto anamwachia.

Lakini nisiwaonee. Watengeneza muvi hawakuokota hilo la Silver kumjali Jim jalalani, lipo kitabuni. Maharamia wanapotaka kumuua Jim, Silver anasimama katikati anawaambia atakayemgusa aanze na yeye. Tatizo ni kwamba dakika chache baadaye anamnong'oneza Jim mpango wake, mimi nakuokoa sasa hivi, na wewe uniokoe na kamba ya kunyongwa huko mbele. Ni upendo au ni biashara? Kitabu hakijibu. Muvi inajibu, na kusema ukweli muvi haina ujanja, huwezi kumlipisha mtu tiketi halafu adui aondoke steringi akiwa hayupo.

Tena kuna kitu muvi zilimwongezea huyu mzee. Robert Newton wa 1950 alimpa lafudhi ya kusini magharibi mwa Uingereza, na ile "arrr" yake ndo kila mtu anaitoa leo akimwigiza haramia, hata ambaye hajui imetoka wapi. Ila zikampunguzia pia, maana kitabuni Silver ana mke, mwanamke mweusi, ndo mshika hela, yeye anauza baa yao Bristol na kuondoka na akiba wakakutane mbele ya safari. Mtu mwenye mpango wa maisha kiasi hicho hatafuti mtoto wa kumlea, na nadhani ndo maana yule mama anaachwa nje ya muvi nyingi.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua nachagua kitabu, japo ya 1950 naweza kuirudia hata kesho. Kitabuni hakuna kuagana. Meli imetia nanga bandarini, Jim na wakubwa wake wameenda kutembelea meli nyingine ya Waingereza, wanarudi alfajiri wanamkuta Ben Gunn, yule baharia waliyemkuta katelekezwa kisiwani, peke yake, Silver katoroka na gunia moja la sarafu, na Jim anasema wote walifurahi kuachana naye kwa bei rahisi hivyo.