Kopo la Unga Halikuondoa HPV Yako

Tangazo lile lile halikomi kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama: unga wa mlonge "unaoamsha kinga na kusafisha HPV ndani ya miezi 6". Chini yake picha za majibu mawili, la kwanza chanya, la pili hasi. HPV ni kirusi cha kujamiiana, na kikikaa mwilini kwa miaka kinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Hata yakiwa majibu ya kweli, unga haukuhusika.

Wanawake 9 kati ya 10 wanaopata HPV huondokewa nayo ndani ya miaka 2 hivi bila dawa yoyote. Wengi wakirudi kupima hukuta haionekani tena, wawe wamekunywa unga au hawakunywa kitu. Kazi hiyo ni ya seli T, askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa, na ni kazi nzito. Kirusi hupenya kwenye mkwaruzo mdogo wa mlango wa kizazi, hujificha katika tabaka la chini kabisa. Hakisambai kwenye damu, hakileti homa. Seli zinapopanda juu kinazaliana ndani yake, kisha kinatoka nazo zikibanduka zenyewe. Juu ya hayo, protini zake E6 na E7 hufifisha interferoni, ile ishara ambayo seli hutoa kuita msaada. Ndiyo maana mwili huchukua miezi mingi kukishtukia, na hata ukikishinda, kingamwili (protini za kinga zinazonasa kirusi) zinazobaki ni chache. Wapo wanawake wasiozipata kabisa. Chanjo huchomwa kwenye msuli, kinga ikaiona waziwazi, na kingamwili zake ni nyingi mno kuliko za ugonjwa. Ila haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia.

Mlonge ni mboga nzuri, sikatai. Lakini anayetaka kuilinda kinga ya pale aache sigara kwanza, maana hupunguza seli za ulinzi kwenye mlango wa kizazi. Na mwenye VVU asikose ARV hata siku moja. Hatari yake ya saratani ya mlango wa kizazi ni mara 6 ya asiye na VVU, na bila dawa saratani yaweza kufika kwa miaka 5 hadi 10, badala ya 15 hadi 20.

Ninayemlilia ni yule wa 10. Kirusi chake, mara nyingi aina ya 16, hakitoki. Hasikii maumivu, haoni damu, na muuzaji anamwambia aongeze kopo la pili. Miaka inakwenda. Kumbe angepakwa siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, ikasubiriwa dakika 1, eneo jeupe, dalili ya seli zilizoanza kubadilika, likaonekana, na kama linafaa kutibiwa hapo hapo, likaunguzwa kwa joto sekunde 20 hadi 30, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Dada, kipimo huanza ukiwa na miaka 30. Mwenye VVU, 25. Ukikutwa na HPV bila eneo jeupe, rudi baada ya miezi 24. Mwenye VVU, baada ya 12. Mwombe nesi akuandikie tarehe kwenye kadi kabla hujatoka chumbani.